Kumbe Aliyekuwa Anamchelewesha Shule Ni Mimi!

MPENZI msomaji, kama una mtoto nyumbani ambaye kila Jumatatu tumbo linamuuma na likifika saa nne asubuhi linapona lenyewe, basi wiki hii mimi na wewe tuko pamoja. Vuta kiti.

Dogo wangu ana miaka tisa. Yuko darasa la tatu, mwakani anaingia la nne ambako kuna ule upimaji wa taifa. Alifika mahali shule hataki hata kuisikia. Ukimwamsha, homa. Ukimpima kwa kiganja, yuko baridi kama mtungi. Kuna siku viatu vyake tulivitafuta nyumba nzima, mama yake akaenda kuchota maji ya chai, akavikuta ndani ya pipa vinaelea. Ndoo moja ya maji kwetu ni hela, bwana! Siku hiyo nilivua mkanda.

Nisikufiche, sikumpiga siku hiyo tu. Nilikuwa naamini mtoto wa kiume akidekezwa anaharibika. Nilipoona mkanda haufui dafu nikahamia kwenye rushwa. Nikamwambia akienda shule wiki nzima bila kulia, Ijumaa namnunulia chipsi mayai. Akaenda siku mbili. Nikapandisha dau, nikaahidi baiskeli ambayo hela yake sikuwa nayo na yeye alijua sina. Siku ya tatu tumbo likarudi.

Wakati huohuo mwalimu wake akatuma ujumbe kwamba dogo kusoma bado, anakariri tu. Ukimpa kitabu anachokijua anakisoma kama maji, ukifungua ukurasa mwingine anabaki kuangalia picha. Darasa la tatu! Nikasema huyu mtoto ni mvivu, karithi kwa wajomba zake. Mama yake akaninunia siku mbili.

Sasa sikiliza. Sisi tulihamia Buguruni tukitokea upande wa Temeke, na dogo hatukumhamisha shule. Shule iko mbele ya Tazara. Kwa daladala ni karibu kabisa, kwa hiyo nilikuwa nampa 200 ya kwenda na 200 ya kurudi, namsindikiza kwa macho mpaka kwenye kona, basi. Mimi narudi kufungua kibanda changu cha kutengeneza simu.

Asubuhi moja nikaamua kumfuata bila yeye kujua. Nilidhani nitamkuta kwenye vibanda vya gemu. Nilimkuta kituoni, na sare yake, shati jeupe na kaptula ya bluu, amesimama na wenzake kama kumi hivi.

Ikaja Kosta ya kwanza, imetapika watu mlangoni. Konda akanyoosha mkono kukinga mlango: "Wanafunzi wametosha!" Hakuwemo hata mmoja. Ikaja ya pili, ikawachukua wawili wakubwa wenye viwiko. Ya tatu haikusimama kabisa, iliwashusha watu ikiwa inatembea. Dogo akaikimbilia, akashika bomba, konda akambandua vidole kimoja kimoja. Hakumpiga, hakumtukana. Alimbandua tu, kama unavyobandua karatasi ukutani. Zilipita gari saba. Nilitazama saa, dakika arobaini na tano.

Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya meza ya muuza magazeti, na miguu ilikataa kutoka pale. Unajua kwa nini? Kuanzia 2008 mpaka 2012 mimi nilikuwa konda. Ule mkono ulioziba mlango naujua, ni wa kwangu. Hata lile neno "wametosha" nimelisema mara ngapi sijui.

Hesabu yake ni nyepesi na ndiyo maana ni mbaya. Leo mtu mzima kwa safari fupi analipa 600, mwanafunzi 200. Kila denti anayesimama ndani, konda anaona 400 imedondoka barabarani. Na jioni tajiri anataka hesabu yake kamili, hakuulizi ulibeba watoto wangapi. Suka naye anakuangalia kwenye kioo, ukipakia wanafunzi wanne anakanyaga breki makusudi ili wakulalie. Sijitetei. Nakueleza tu mlango ule unavyofungwa. Namkumbuka binti mmoja wa shule, mvua inanyesha, aliniamkia kwanza, "Shikamoo kaka." Niliitikia marahaba, kisha nikagonga bodi, gari ikaondoka.

Basi, siku ile dogo alifika shule nusu saa baada ya namba. Nilikuwa nyuma yake kwa bodaboda. Getini mwalimu wa zamu alikuwa na fimbo na foleni ya waliochelewa. Dogo akajipanga bila kuambiwa, akanyoosha mkono bila kuambiwa, akala zake mbili, halafu akapelekwa na wenzake kufagia uwanja. Darasani aliingia kipindi cha kwanza kimekwisha.

Kipindi cha kwanza karibu kila siku ni cha Kiswahili. Yaani kusoma. Muhula mzima mtoto alikuwa anafagia uwanja wakati wenzake wanasoma, halafu akisimamishwa asome anachekwa, halafu akirudi nyumbani anakuta mkanda. Hebu niambie ungekuwa wewe, lisingekuuma tumbo?

Usiku nilimwita nje, nikamuuliza mbona hukuniambia kama daladala zinakuacha. Alikaa kimya muda mrefu anachora chini kwa kidole cha mguu. Kisha akasema, "Si wewe ulisema mlikuwa mnawaacha, na wenye akili walikuwa wanafika tu."

Wee! Ni kweli nilisema. Hizo ndizo hadithi zangu za sebuleni washikaji wakija, jinsi tulivyokuwa "tukiwatoka" wanafunzi pale Tazara, tunacheka mpaka machozi. Yeye alikuwa pale chini na toroli lake la waya, anasikiliza. Kumbe alikuwa anajipimia humo. Akaona asiyefika ni kwa sababu hana akili.

Kesho yake kibanda sikufungua, nikaenda shule. Nilikwenda nimejaa upepo, nimekariri mpaka kanuni za viboko za mwaka 2002, kwamba visizidi vinne, na mwenye ruhusa ni mwalimu mkuu au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe. Nilikuta mwalimu wa darasa, mama wa makamo, ana watoto zaidi ya mia moja ndani ya chumba kimoja. Tangu elimu bila malipo ianze Januari 2016 watoto wameongezeka, jambo zuri, lakini kuta hazikutanuka. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Baba, mimi mwenyewe kuna siku naachwa kituoni." Upepo ukanitoka wote. Tukaenda kwa mwalimu mkuu, tukakubaliana kwamba huyu akichelewa aingie darasani kwanza, mengine baadaye. Nilitaka iwe hivyo kwa wote, nikaambiwa litajadiliwa.

Na mimi nikaacha mambo ya 200. Sasa saa kumi na mbili kasoro robo tuko barabarani, mimi na yeye, kwa miguu. Wiki ya kwanza hatukuongea kitu, usingizi mtupu. Wiki ya pili, kwa kuchoka na ukimya, nikamwonyesha gari inakuja kwa mbali, nikamuuliza ile inakwenda wapi. Akajibu sawasawa! Nikamuuliza nyingine, akapatia. Nikafurahi, nikadhani kumbe anasoma. Hamna kitu. Alikuwa anatazama rangi ya ule mstari ubavuni. Herufi za mbele hazimhusu.

Hapo ndipo nikapata mchezo wetu. Masharti ni kwamba gari lazima iwe inakuja mbele yetu ili ubavu usionekane, na useme kabla haijatupita. Mwanzoni alikuwa anasoma "Te..." gari imeshapita na vumbi limetuingia mdomoni. Tukaanza na zile zinazosimama kituoni. Temeke akaipata siku ya kwanza. Ubungo ikamchukua siku nyingi, ile "ngo" inamkaba. Mbagala akaiita "Magala" wiki nzima, nikamwacha, mwenyewe akajisahihisha. Siku aliyoisoma Makumbusho, ma-ku-mbu-sho, gari ikiwa bado inakuja, aliruka mtaro kwa furaha na begi mgongoni.

Zikifika za mbele anahamia maandishi ya nyuma. Humo nako kuna mitihani. Asubuhi moja akaniuliza kwa sauti, watu wanasikia, "Baba, mchepuko ni nini?" Nikamwambia ni njia ya pembeni wakati barabara kubwa iko kwenye matengenezo. Sikudanganya.

Usidhani amekuwa profesa. Hesabu bado zinampiga chenga, na Jumatatu moja moja tumbo bado linamuuma, nalo siku hizi naliuliza kabla ya kulikasirikia. Ila viatu havijarudi kwenye pipa.

Majuzi mvua ilitukatisha njiani, tukasimama kituoni. Kosta ikaja, konda akanyoosha mkono. Nikamwonyesha noti, nikamwambia nalipa 600 mbili. Mkono ukashuka. Dogo akapata dirisha, akawa anasoma kila gari inayotupita, abiria wanageuka. Kisha akaniuliza, "Baba, ile gari yenu ya zamani iliandikwa nini nyuma?"

Nikajifanya sijasikia. Akarudia.

Ikabidi nimwambie. Iliandikwa "Tupendane". Alicheka mpaka Tazara.