Rangi za Maji Ukingoni mwa Ziwa Naivasha

Msafiri atokaye Malaba kwenda Nairobi, akishaipita miji ya Nakuru na Gilgil, huliona Ziwa Naivasha upande wake wa kuume, na ng'ambo yake Mlima Longonot. Wengi hulitazama kwa dirisha la basi tu, kisha safari ikaendelea, maana Nairobi imebaki kilometa 90 hivi. Lakini aishikaye barabara ya kusini mwa ziwa huingia mahali penye sura nyingine kabisa: migunga mirefu yenye magome ya manjano, mafunjo yaliyosongamana majini, viboko wakikoroma mchana kutwa, na mbega wakirukaruka juu ya matawi. Huko ndiko iliko nyumba iitwayo Elsamere, iliyokuwa makao ya Joy Adamson na ambayo sasa ni makumbusho.

Jina la bibi huyo limefungamana na simba jike aliyeitwa Elsa, ambaye habari zake zilitolewa katika kitabu mwaka 1960, na wageni wengi huifuata nyumba hiyo kwa ajili ya simba. Hawana kosa. Hata hivyo, Bibi Adamson alishika brashi miaka mingi kabla ya kumlea mnyama huyo, na sehemu hiyo ya maisha yake, ingawa haina ngurumo ndani yake, ndiyo inayomfaa zaidi mtu wa kawaida mwenye kazi, watoto na saa moja ya mapumziko jioni.

Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, uliokuwa chini ya utawala wa Austria; siku hizi mji huo uko Jamhuri ya Cheki na huitwa Opava. Alipofika Kenya mwaka 1937 hakuja kwa kazi ya uchoraji. Mwaka uliofuata aliolewa na Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea. Sasa, mmea ukibanwa katikati ya karatasi na kukaushwa ili uhifadhiwe, umbo lake husalia lakini rangi yake hupotea. Zambarau hugeuka kahawia, na nyekundu hufifia. Kwa hiyo mtaalamu huhitaji mtu wa kulichora ua likingali bichi. Bally alimtia mkewe moyo, naye akaanza kuchora maua waliyoyaokota safarini. Pumbao hilo likawa kazi, na mwaka 1947 chama cha kifalme cha kilimo cha bustani cha Uingereza kilimtunukia medali ya dhahabu kwa michoro yake.

Rangi za maji zina tabia zake, na asiyezijua hukata tamaa siku ya kwanza. Hazifuniki kama rangi ya mafuta. Mwanga hupenya ndani yake hadi kwenye karatasi, kisha hurudi machoni. Weupe wa picha ni weupe wa karatasi yenyewe, hivyo mchoraji hana budi kuamua mapema ni wapi hatapagusa. Huanza na rangi hafifu, akangoja ikauke, ndipo aongeze iliyokolea. Akiharakisha, rangi mbili huingiliana zikawa tope. Karatasi ya daftari la shule hujikunja mara inapolowa. Afadhali karatasi nzito, iliyobanwa pembe zote juu ya ubao. Rangi tatu, yaani nyekundu, manjano na buluu, zatosha kwa kuanzia, pamoja na brashi moja yenye ncha njema, kopo la maji, kisahani cheupe cha kuchanganyia na kitambaa kikuukuu. Kijani cha dukani mara nyingi huwa kikali mno. Kile anachokichanganya mtu mwenyewe hulingana zaidi na majani ya nchi yetu.

Vifaa hivyo vyote huingia katika mkoba mmoja. Jambo hili si dogo kwa jamaa za askari, ambao hupata uhamisho wakiwa ndiyo kwanza wamezoea majirani. Bibi Adamson naye aliishi maisha ya namna hiyo. Mwaka 1944 aliolewa na George Adamson, bwana nyama aliyekuwa na kituo chake Isiolo, na makazi yao mara nyingi yalikuwa hema, leo hapa, kesho kule. Katika nchi kavu kama ile maji hukauka juu ya brashi kabla mkono haujafika mwisho wa jani, na mchoraji hulazimika kutafuta kivuli na kuamka alfajiri.

Baadaye serikali ya kikoloni ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya Kenya wakiwa katika mavazi yao ya jadi. Alichora mamia ya picha: wazee, mashujaa, maharusi, vijana wa jando. Kitabu cha picha hizo kilitoka mwaka 1967, na baadhi yake zimewekwa katika Jumba la Makumbusho la Taifa huko Nairobi. Picha hizi zina uzito na zina walakini. Mchoraji amefuata kila ushanga na kila unyoya kwa uaminifu uleule aliojifunza kwa maua, na leo wajukuu huweza kuona vazi ambalo nyumbani halipo tena. Walakini mtu si ua. Mahali pengine jicho hunaswa na mapambo, likachelewa kufika usoni mwa yule aliyeketi kimya kwa muda mrefu akitazamwa na mgeni aliyetumwa na watawala wake. Mtazamaji afanye subira, aanzie kwenye macho ya mchorwa, ndipo ashuke kwenye shanga.

Joy Adamson aliuawa huko Shaba, kaskazini mwa Kenya, tarehe 3 Januari 1980.

Adui mkubwa wa rangi za maji ni jua. Ndiyo sababu majumba ya makumbusho huzionyesha picha za aina hii katika mwanga mdogo, na nyingine hupumzishwa gizani kwa zamu. Nyumbani nako, picha aliyoichora mama au mtoto isitundikwe ukuta unaokabili dirisha. Ipewe kioo mbele na kadi nyuma, itundikwe ukuta wa ndani, mbali na moshi wa jikoni, na ikija siku ya uhamisho ifungwe kati ya mbao mbili, isikunjwe.