Mto Umejaa

Twapenda kuwasimulia kosa tulilolifanya darasani hapa Ifakara, ili walimu wenzetu wasilirudie.

Zilikuwa siku za masika, na mto Kilombero ulikuwa umepanda hata kuingia mashamba ya mpunga. Tukawaagiza watoto waseme kwa Kiingereza, "Mto umejaa." Binti mmoja akaandika ubaoni: "The river it has full." Tukacheka, na darasa zima likacheka pamoja nasi. Tukafuta, tukaandika, "The river is full," wala hatukueleza sababu. Tangu siku ile binti yule hakuinua mkono tena.

Jioni moja tulipokuwa tukisahihisha madaftari tukayakumbuka maneno yake. "Umejaa" ni neno moja, lakini lina vipande vitatu: "u" yasimama badala ya mto, "me" yaonyesha kuwa jambo limekwisha kuwa, na "jaa" ndilo tendo lenyewe. Binti alikuwa amevivusha vyote: "it", "has", "full". Hakuacha hata kimoja ng'ambo. Kumbe tulimcheka kwa uaminifu wake!

Asubuhi tukamwomba radhi mbele ya wenzake, tukalianza somo upya. Kila sentensi ina kiima, yaani kinachosemwa habari zake, na kiarifu, yaani habari zenyewe. Kitenzi chetu hubeba alama ya kiima ndani yake, hata neno moja kama "wanavuna" laweza kuwa sentensi kamili. Kitenzi cha Kiingereza hakibebi mzigo huo. Kwa hiyo kiima hutajwa nje, tena mara moja tu. Ukiisha kusema "the river", usiongeze "it". Tena "jaa" kwetu ni kitenzi, bali "full" kwao ni sifa, nayo yahitaji kitenzi "is" ipate kusimama.

Kisha tukatafuta kiini cha kiarifu. Kiarifu ni kama mtumbwi wenye shehena: teremsha mizigo yote, naye abakiye na pondo mkononi ndiye kitenzi. Katika "The river has flooded our farms", teremsha mashamba. Kiini ni "has flooded", maneno mawili yenye kazi moja. Hata katika swali, "Will the river rise?", kiini ni "will rise", ingawa mto umeketi katikati kama abiria kati ya wapiga kasia wawili.

Hapo binti yule akainua mkono. "Mwalimu, 'amekula' ni 'he has eaten'. Mbona 'amelala' si 'he has slept'?"

Tukafurahi sana, maana swali hilo lilitushinda sisi wenyewe tulipokuwa wanafunzi. Tukamjibu: "Aliyekula amemaliza kula, lakini aliyelala yungali usingizini. Kwa hali iliyopo bado, Kiingereza husema 'he is sleeping', kama vile 'the river is full'."

Wazazi na walimu, watoto hawa wakiingia sekondari watafundishwa karibu masomo yote kwa Kiingereza. Mtoto aliyenyamazishwa kwa kicheko katika somo hili atanyamaza katika mengi. Basi kabla ya kushika wino mwekundu, tuulize kwanza lugha ya mama yake ilikuwa ikimwambia nini.