Nukta Kwenye Ramani: Mfano Mmoja wa Kufundishia Uainishaji

Katika madarasa mengi tuliyoyatembelea wakati wa mazoezi ya kufundisha, somo la uainishaji wa viumbe limegeuka kuwa orodha ya majina. Mwalimu huandika ubaoni, watoto hunakili, na swali la kwa nini mnyama huyu awekwe hapa wala si pale haliulizwi. Twapenda kumtolea mwalimu-mwanafunzi mfano wa mnyama asiyefahamika sana.

Mnyama huyo ni Cystisoma, krustasia wa bahari kuu. Mwili wake ni angavu kama kioo, aweza kupita sentimeta 10 kwa urefu, na macho yake yamefunika karibu sehemu yote ya juu ya kichwa. Kwa sura hiyo nani angemweka pamoja na vile vidudu virukavyo vionekanavyo ufukweni mtu ainuapo mwani uliotupwa na maji? Hata hivyo wote ni wa oda moja, amfipoda. Kaa na kamba wana gamba moja lililofunika kichwa na kifua, na macho yao yako juu ya vikonyo. Amfipoda hana gamba hilo wala vikonyo, na jike huwabeba watoto katika mfuko ulio chini ya kifua. Mwenye kuainisha hutazama maumbile ya namna hiyo. Ukubwa na rangi humpoteza.

Jina lenyewe lina historia. Guérin-Méneville, Mfaransa, alilitoa mwaka 1842. Mwaka 1873 Willemoes-Suhm, mtaalamu kijana aliyekuwamo katika meli ya utafiti Challenger, alimpata mnyama wa aina hii katika Atlantiki, akamwita Thaumops pellucida. Baadaye ilidhihirika kwamba jenasi hiyo ilikwisha kupewa jina. Kwa kanuni ya jina la kwanza Thaumops likaachwa, lakini pellucida likabaki, na leo spishi hiyo huitwa Cystisoma pellucida. (Willemoes-Suhm mwenyewe alifariki safarini mwaka 1875.) Mwaka 2003 Zeidler aliipitia tena familia nzima na kuongeza spishi mpya.

Sasa tuje kwenye mtawanyiko, ambao ndio hasa uliotufanya tuandike. Cystisoma amepatikana katika Atlantiki, Pasifiki na Bahari ya Hindi, mara nyingi mmoja mmoja. Ramani yake ni nukta chache zilizotengana sana. Lakini nukta hizo zinafuata njia za meli! Panapokosekana nukta huenda hapajapita wavu. Tena wavu wa zamani ulivutwa ukiwa wazi toka chini hata juu, kwa hiyo mvuvi hakujua mnyama aliingia katika kina gani. Nyavu zifungwazo zikiwa bado majini ndizo zilizosaidia kumweka hasa kati ya meta 200 na 1,000.

Mtoto aambiwapo kwamba mnyama fulani “hayupo” mahali fulani, ana haki ya kujua kama alitafutwa. Jambo hili lafaa kufundishwa kwa siafu au panzi wa uwanja wa shule. Darasa lichore ramani ya uwanja na kutumia alama mbili: duara mahali alipoonekana, msalaba mahali alipotafutwa asionekane. Pasipotafutwa pabaki wazi, na kipindi kifuatacho kianzie hapo.