Maji Kwanza, Petroli Baadaye

Wengi mmeniuliza kuhusu lile gari jekundu la milango miwili kwenye picha za wiki iliyopita. Wengine mmeshaanza kunipongeza! Tulieni. Gari si langu. Ni la baba mdogo wangu hapa Nakuru, ni Datsun 240Z, na lilikuwa limesimama kwenye kibanda cha mabati kwa miaka 11. Naandika haya kwa sababu najua kuna mtu anayesoma hapa ambaye ana gari la zamani nyumbani, na kuna broka anayelizunguka kama kunguru. Soma polepole.

Kama wewe ni wa juzi, ngoja nikueleze gari hili ni nani katika nchi hii. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally kwa 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, aliyezaliwa Uganda, akashinda kwa gari lilo hilo pamoja na Lofty Drews, baada ya kulingana pointi na Harry Källström aliyekuwa kwenye Datsun nyingine. Baba mdogo alikuwa kijana wakati huo, amesimama kando ya barabara na matope hadi magotini. Akaapa siku moja atakuwa nalo. Alilipata miaka mingi baadaye, likiwa limeshapita mikononi mwa watu watatu, na akalilea vizuri mpaka lilipoanza kumsumbua kwa mambo mawili: linachemka, na likipata joto linakata petroli katikati ya safari. Akaliegesha. Halafu macho yake yakaanza kufifia, na gari likabaki hapo.

Mwaka huu mjukuu wake aliitwa chuo cha uuguzi. Karo ilikuwa inatakiwa kabla ya kuripoti, na nyumbani hakukuwa na kitu kingine cha kuuza isipokuwa shamba dogo wanalolima. Kijana mmoja kutoka Eldoret alikuwa tayari kulinunua gari, kwa sharti moja: aliendeshe mwenyewe kupanda mlima na kurudi. Likichemka, hana biashara nasi.

Broka akaja mapema kuliko mnunuzi. Siwapendi mabroka, nitasema wazi, lakini huyu alikuwa na mdomo wa asali. Akasema, "Mzee, usijisumbue. Weka unga wa kuziba rejeta, utashikilia wiki mbili. Pampu tafuta ya umeme ya gari lolote la kisasa, funga nyuma, linawaka leo leo. Mimi nitaleta bei."

Baba mdogo alikuwa fundi kwa zaidi ya miaka 30. Alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza, "Wewe unatoka wapi?" Yule akasema Molo. "Basi umepita Sachangwan mara ngapi?"

Broka akanyamaza. Wa huku wanajua. Januari 2009 lori la mafuta lilianguka Sachangwan, watu wakakimbilia petroli, moto ukawaka na watu zaidi ya 100 wakafa. Mzee akamwambia, "Kabureta za gari hili zinataka presha ya paundi 3 au 4 tu kwa inchi ya mraba. Pampu unayonitajia inasukuma zaidi ya 30. Petroli itafurika. Na kwenye injini hii kabureta na ekzosi ziko upande mmoja, kabureta juu, ekzosi chini. Sasa niambie inamwagikia wapi." Yule broka hatukumwona tena.

Kwa hiyo kazi ikawa yetu. Mikono yangu, kichwa chake. Nilikulia kwenye gereji yake kila likizo, spana nazijua.

Akasema tuanze na maji. Hata petroli ikipatikana, injini isiyopozwa hutaiendesha mbali, na ukiichemsha unaharibu kitu cha gharama kubwa zaidi. Bloku ya injini hii ni chuma, lakini hedi ni aluminiamu. Ikipata joto kupita kiasi inapinda, gasketi inaungua, na hapo karo yote inaishia gereji.

Mpendwa, nisikilize kwa makini hapa. Miaka mingi gari lile lilinyweshwa maji ya mfereji peke yake, kama magari mengi tunayoyaona yamefunguliwa boneti pale Salgaa huku dereva ameshika chupa. Chuma na aluminiamu vikikaa pamoja ndani ya maji matupu vinafanya kazi kama betri, na kimoja kinaliwa. Tulipofungua rejeta yalitoka maji ya rangi ya strungi. Kuna bomba la chuma linalopita ubavuni mwa injini, linarudisha maji kutoka kwenye hita hadi kwenye pampu ya maji. Kwa nje lilikuwa limepakwa rangi nyeusi, safi kabisa. Mzee akasema, "Ligonge kwa mpini wa bisibisi, nisikie." Nikagonga. Mwanzo lililia, katikati likatoa sauti ya kitu kilichokufa. "Hapo. Toboa." Nikageuza bisibisi, ikaingia kama kwenye biskuti.

Bomba lile hulipati dukani Nakuru. Tulilipeleka kwa fundi wa jua kali anayetengeneza ekzosi, na hapa niliona ufundi. Alichukua bomba jipya la unene uleule, akalijaza mchanga hadi juu na kuziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mbao. Mchanga lazima uwe mkavu kabisa, kwa maana ukiwa na unyevu na bomba likapashwa moto, mvuke utarusha kile kigingi kama risasi. Akalipasha, akalikunja taratibu akilifananisha na lile la zamani. Mchanga unazuia bomba lisijibonye kwenye kona. Mwisho akainua ukingo mdogo wa mviringo kwenye kila ncha, ili mpira wa maji usichomoke presha ikipanda. Mzee alipitisha kidole kwenye ukingo ule, akarudisha bomba. "Upande huu kuna kibarua kimebaki." Fundi akacheka, akapiga tupa tena. Kabla ya kulipa tulilizamisha kwenye karai la maji, tukaziba upande mmoja na kupuliza upande wa pili kwa pampu ya baiskeli. Hakuna povu hata moja.

Mipira yote ya maji tulibadilisha: miwili mikubwa ya rejeta, miwili ya hita, na ile midogo inayopitisha maji ya moto chini ya kabureta. Watu hubadilisha ule uliopasuka tu na kuacha nduguze wa umri mmoja. Sielewi wanatarajia nini. Tukaweka pia thermostati mpya inayofunguka kwenye nyuzi 82, na kifuniko kipya cha rejeta.

Kifuniko! Naomba nisimame hapo kidogo. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari. Hapa maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi kama 94, si 100. Injini yenye afya inakaribia 90. Umeona nafasi iliyobaki? Kifuniko kizuri kinashikilia presha ndani, na maji yanaweza kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Kikilegea, gari ambalo Mombasa halikusumbui, huku juu litakutia aibu mbele ya watu. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote tulivyonunua.

Tukajaza kulanti nusu, na nusu maji yaliyosafishwa yanayouzwa kwa ajili ya betri (maji, si asidi, usije ukaniletea kesi). Tukaliegesha pua ikitazama juu ya mwinuko, tukafungua hita, tukaliacha lipumue hewa yote iliyonaswa ndani.

Sasa petroli. Hii tuliifanya nje, betri imefunguliwa waya, jiko la jirani limezimwa kwa hisani yake, na mtungi wa unga wa kuzima moto uko karibu. Mafuta ya miaka 11 yalinuka kama vanishi ya zamani. Yote yalitoka.

Gari hili lina pampu mbili. Ya kwanza imefungwa mbele kwenye hedi, inaendeshwa na kemshafti yenyewe. Tulipoifungua, ile ngozi ya ndani ilikuwa imekauka na kupasuka. Mzee akaomba kijiti cha oili, akakinusa. Petroli. Ilikuwa imepenya ndani ya injini, hivyo oili nayo ikabadilishwa kabla ya kuwasha chochote. Wakati wa kufunga pampu mpya alisisitiza jambo ambalo vijana hulidharau: kile kipande kinene kinachokaa kati ya pampu na hedi kirudi kilekile. Kinazuia joto lisiifikie petroli, na unene wake ndio unaopima mkono wa pampu usukumwe kiasi gani.

Ya pili ni ya umeme, iko nyuma karibu na tangi. Mwenye gari wa zamani aliiongeza, na alikuwa na sababu. Petroli ikipata joto karibu na injini inageuka mvuke ndani ya paipu, na pampu ya mbele haiwezi kuuvuta. Ndiyo maana gari lilikuwa linakata njiani halafu linawaka tena likipoa. Iliyokuwepo ilikuwa imekufa. Tukaweka mpya ya presha ndogo, chujio kabla yake, na waya wake ukapitia rilei na swichi ya presha ya oili. Injini ikizimika, hata kwa ajali, pampu inanyamaza yenyewe. Mipira ikawa ya petroli hasa, kwa sababu mpira wa maji unalainika na kuoza ukilowa petroli.

Liliwaka mara ya tatu. Mzee hakusema kitu, aliinamisha sikio tu.

Jumamosi yule kijana alikuja. Alilipandisha mpaka Mau Summit na kulirudisha, mshale wa joto umetulia katikati. Akatoa simu alipe. Mzee akamzuia, akamwambia tangi lina kutu ndani ambayo hatukuiondoa yote, abadilishe chujio kila mwezi hadi alitoe. Yule kijana akaomba apunguziwe shilingi 30,000. Nilimtazama baba mdogo kwa hofu, nikijua hesabu ya karo. Akapunguza.

Iliyobaki ilitosha, kwa tofauti ndogo sana. Tulilifunga lile bomba bovu kwenye gazeti, tukamweka kijana kwenye kiti cha abiria aone alichobadilishiwa, na Mzee akamwomba asifungue kifuniko cha rejeta injini ikiwa moto. Mjukuu aliripoti chuo Jumatatu.