Paris Siku Tatu: Usiingizwe Mjini

Wiki hii tunakwea pipa hadi Paris, Ufaransa. Najua wapo watakaoguna kwamba Ulaya ni ya wenye nazo. Ni kweli, lakini siku hizi vijana wa mjini wanadunduliza. Mmoja anapata semina Brussels anabakiza siku tatu za kutembea, mwingine anataka fungate lenye picha za kuringia. Nauli unaweza kuichanga mwaka mzima. Siku tatu zenyewe ndizo zinazowaponyoka wengi, maana zinaisha kabla hujajua choo kiko wapi.

Kwa hiyo shika kalamu. Orodha ya vitu ishirini uliyopewa na shemeji aliyewahi kufika huko, ikate. Vitu viwili vikubwa kwa siku vinatosha, vya kulipia kimoja tu. Na hesabu hiyo uifanye ukiwa bado nyumbani, kwa sababu Paris ina milango inayofungwa siku usizozitegemea.

Tuanze na viza, maana bila hiyo haya mengine ni porojo. Ufaransa iko kwenye kundi la Schengen. Tangu Juni 2024 ada kwa mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi hata senti. Maombi unaweza kuyapeleka kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Mbongo anayesubiri hizo 15 anatafuta presha. Watataka bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000, mahali pa kulala, tiketi ya kurudi na uthibitisho kwamba una mshiko wa kujikimu. Kama unafikia kwa rafiki, barua yake ya "karibu nyumbani" haisaidii. Lazima mwenyeji akachukue hati rasmi ya kukupokea kwenye ofisi ya meya wa anakoishi, na hiyo hati uambatanishe kwenye maombi. Wengi hukwama hapo, huku rafiki ana kitanda cha ziada na chakula tayari.

Halafu kuna hili la London. Treni kutoka Paris inafika London kwa saa mbili na kidogo, na utamsikia mtu kijiweni akisema atavuka kula chakula cha mchana kwa Mfalme. Avuke na viza gani? Uingereza haimo Schengen. Ile ya Ufaransa itakufikisha Brussels au Amsterdam, London haikufikishi.

Sasa mji wenyewe. Paris ya ndani ni ndogo kuliko unavyodhani, kama kilomita za mraba 105 tu, wakati mkoa wa Dar es Salaam unazidi 1,300. Imegawanywa wilaya 20 zinazozunguka kama gamba la konokono. Namba 1 iko katikati kando ya jumba la Louvre, na kadiri namba inavyopanda ndivyo unavyosogea nje. Mto Seine unapita katikati. Ukishika mto huo huwezi kupotea, maana kanisa la Notre-Dame, Louvre, jumba la Orsay na Mnara wa Eiffel vyote viko kandokando yake. Kutoka Notre-Dame hadi mnarani kwa miguu ni kama saa moja na nusu ukienda taratibu, na njia nzima ni kama sinema ya bure. Hoteli ya bei poa nje kabisa ya mji inavutia, lakini piga hesabu ya muda utakaoula kwenye treni kila asubuhi. Kwa siku tatu, afadhali chumba kidogo kama kabati kilicho ndani ya mji.

Louvre imefungwa Jumanne. Orsay imefungwa Jumatatu. Andika hayo kwenye kiganja. Ukipanga kufika Jumatatu na kuondoka Jumatano bila kulijua hilo, umeshajikaba mwenyewe. Na kuna jambo linaloniudhi, nalisema: tangu Januari 2026 mgeni asiyetoka nchi za eneo la uchumi la Ulaya analipa euro 32 kuingia Louvre, wakati wa Ulaya analipa 22. Kijana wa Kizungu wa chini ya miaka 26 anaingia bure, wewe wa umri uleule kutoka Sinza unalipa bei ya juu. Wanasema fedha zinahitajika kukarabati jumba. Sawa, lakini ndani ya jumba hilo vipo vitu vingi vya Misri, na Misri ni Afrika. Kijana wa Cairo naye analipa hiyo 32 kuviona.

Ukiamua kulipa, nunua tiketi mapema kwenye tovuti ya jumba lenyewe, na ukiweza chagua Jumatano au Ijumaa, siku wanazofunga saa tatu usiku. Mona Lisa utamwona, ila usishangae: picha yenyewe ina urefu wa sentimita 77 na upana wa 53, iko nyuma ya kioo, na mbele yake pana msongamano kama daladala ya saa kumi na mbili jioni. Mwaka 1911 iliibwa na Mwitaliano aliyewahi kufanya kazi humo humo, ikapatikana mwaka 1913. Wizi wa juzi juzi ulikuwa wa kisinema zaidi. Tarehe 19 Oktoba 2025, asubuhi kweupe, majambazi walipanda kwa ngazi ya mashine hadi dirishani wakaondoka na vito vya kifalme vilivyothaminiwa euro milioni 88. Kama fuko lako ni jepesi, Louvre iache, nenda Orsay siku ya Jumapili ya kwanza ya mwezi, siku ambayo kuingia ni bure ukiweka nafasi mapema. Na Petit Palais, jumba la jiji karibu na Champs-Élysées, maonyesho yake ya kudumu hayana kiingilio siku zote.

Mnara wa Eiffel una mita 330. Ulijengwa kwa maonyesho ya mwaka 1889 na ulikusudiwa kusimama miaka 20 tu, mambo ya redio ndiyo yaliyouokoa. Kila mtu anataka kupanda. Mimi nasema, ukiwa juu yake kitu pekee usichokiona ni mnara wenyewe! Simama Trocadéro, ng'ambo ya mto, giza likishaingia. Kila saa inapogonga taa zake humetameta kwa dakika tano, na picha hiyo ndiyo watu wanayotaka kukuona nayo. Ukishikilia kupanda, lipia ngazi, ni nafuu kuliko lifti. Mpaka ghorofa ya pili ni ngazi 674, vaa raba, viatu vya kisigino viache hotelini.

Notre-Dame iliungua tarehe 15 Aprili 2019 na ikafunguliwa tena Desemba 2024. Kuingia kanisani ni bure kabisa. Akikujia mtu na tiketi ya kanisa hilo, jua ameshakuona mgeni. Minara ya juu ndiyo ya kulipia.

Na vibaka je? Wapo tele, wasikudanganye kwamba Ulaya hakuna. Kwenye treni za chini ya ardhi wanachomoa simu mlango unapofunga. Pale Montmartre, kwenye ngazi za kanisa la Sacré-Coeur, wapo jamaa watakaokufunga uzi mkononi "zawadi, ndugu yangu Mwafrika", kisha wanadai euro. Mikono mfukoni, tabasamu, pita. Uwanja wa ndege wa Charles de Gaulle nako wapiga debe hawakosekani, watakunong'oneza "taksi, taksi" ndani ya jengo. Usiwafuate. Foleni ya taksi rasmi iko nje na nauli yake imepangwa. Mwaka 2025 ilikuwa euro 56 kwa upande wa kaskazini mwa mto na 65 kwa upande wa kusini. Treni ya RER B mwaka huo ilikuwa euro 13. Mjini utanunua kadi ya Navigo Easy kwa euro 2 na kuijaza tiketi, kila mtu na yake, hata kama ni mke na mume.

Wafaransa wana sifa ya kununa. Dawa ni neno moja: "bonjour". Ukiingia dukani ukauliza bei bila kusalimia, ni sawa na kumwuliza bibi maswali bila shikamoo. Salimia kwanza utaona sura inabadilika. Mgahawani omba maji ya jagi, ni bure kwa anayekula. Kahawa ya kusimama kaunta mara nyingi ni nafuu kuliko ya kukaa mezani.

Tumbo likikumbuka nyumbani, panda treni namba 4 ushuke Château Rouge. Hapo kwenye soko la mtaa wa Dejean kuna mihogo, bamia, samaki, ndizi za kupika na vitenge, na kelele za wauzaji utadhani uko Kariakoo. Wengi ni Wakongo na watu wa Afrika Magharibi. Jaribu Kiswahili, huwezi kujua. Mkongo wa Bukavu au Lubumbashi atakujibu, na bei huenda ikashuka.