Kanda Hazisubiri Umalize Chuo

Ukirudi nyumbani likizo hii, kabla hujalala siku mbili mfululizo kufidia zile za UE, fungua kabati la sebuleni uangalie nyuma ya sahani za wageni. Kama ukoo wenu uliwahi kuwa na mtu mwenye kamera ya video, kanda zipo pale, na zinakufa polepole. Picha ya kwenye kanda ni chembe za sumaku zilizopakwa kwenye plastiki nyembamba. Joto linaila, unyevu unaila, kuvu nayo inaota. Kampuni ya Funai ya Japani, ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha mwaka 2016. Kwa hiyo hata kanda ikidumu, mashine ya kuichezesha je?

Mimi nilikuwa na sababu yangu. Mama alifariki nikiwa na miaka mitatu. Sura yake naijua kwa picha ya ukutani, ila sauti sikuwa nayo kabisa. Shangazi zangu husema naongea kama yeye, nami huitikia tu, maana sina cha kulinganisha. Baba mdogo ndiye aliyeniambia kuwa mama yumo kwenye kanda moja ya sendofu, aliyoichukua kwa kamera yake ya Video8.

Kazi yenyewe haitaki uwe mtu wa kompyuta. Mimi nasomea ualimu na nimeiweza. Kanda za Video8 haziingii kwenye deki ya VHS, zinachezeshwa na kamera yenyewe. Betri ilishakufa, tukatumia umeme wa ukutani. Kwanza ikague kanda: ukiona unga mweupe pembeni mwa utepe, usiichezeshe, kuvu itachafua mashine na kuhamia kanda nyingine. Ikiwa safi, ipeleke mbele mpaka mwisho kisha uirudishe, ili utepe ujisokote sawasawa. Waya wa njano ni picha, mweupe na mwekundu ni sauti. Vyote vinaingia kwenye kifaa kidogo cha kunasia video kinachochomekwa USB. Changu nilikipata Kariakoo kwa kubana bumu. Kwenye programu chagua PAL, maana ndiyo mfumo wa kamera nyingi za huku. Baada ya hapo ni subira. Kanda ya dakika 90 inanaswa kwa dakika 90, hakuna njia ya mkato.

Mama alitokea dakika ya 41, amebeba sinia. Akageuka akasema, "We mtoto, shuka hapo, utavunjika!" Huyo mtoto ni mimi. Basi, ni hayo tu. Niliirudisha mara nyingi kiasi kwamba baba mdogo alitoka nje akaniacha.

Kilichonipa shida ni mama aliyenilea. Yeye ndiye aliyenipeleka shule na kuniuguza, na sikutaka aone kama namtafuta mwingine. Nikaichoma DVD nikaificha kwenye begi. Aliikuta mwenyewe akifua nguo zangu. Akaniita, akasema, "Mbona umeificha? Weka tumwone mwenzangu." Tukakaa, mimi, yeye, baba na bibi. Baba hakusema neno mpaka mwisho.

Nilichagua DVD kwa sababu bibi ana deki yake na rimoti anaijua. Diski ya kawaida ni gigabaiti 4.7, yaani kama saa mbili za video. Ila DVD nayo huchubuka, hivyo faili lenyewe libaki kwenye kompyuta na nakala nyingine kwenye diski ya nje.

Jambo la mwisho: usiangalie peke yako. Kaa na mzee mmoja, ushike daftari. Bibi alinitajia watu kumi na mmoja ambao hakuna mwingine pale sebuleni aliyewajua. Kompyuta inaokoa sura na sauti, lakini majina anayo bibi.