ALISHUKA KUMTOA MAITI, NAYE AKAWA MAITI



Kila sifa njema ni ya Allah, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad ﷺ, ahali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu katika imani, kuna swali ambalo hunifikia kila panapotokea ajali ya maji. Mtu amezama, siku zimepita, matumaini ya kumpata hai yamekwisha, na familia inauliza: "Sheikh, si ni lazima atolewe azikwe? Hata kama ni hatari?"

Nitalijibu kwa kuanzia mbali kidogo, kwa kisa kilichotokea kweli. Someni mpaka mwisho.

Afrika Kusini, katika jimbo la Northern Cape, kuna shimo la maji linaloitwa Boesmansgat. Ukilitazama kwa juu ni kidimbwi kidogo kati ya mawe. Ndani yake ni pango kubwa lililojaa maji, na kina chake kinafika mita 270 na zaidi. Desemba 1994 kijana wa miaka 20 alizama humo na hakurudi. Wazazi wake wakakaa miaka 10 bila kaburi la kulizuru.

Oktoba 2004 mzamiaji mmoja, Dave Shaw, alifika chini kabisa. Alikuwa raia wa Australia, rubani wa ndege za abiria, akiishi Hong Kong. Katika giza lile taa yake ikammulika yule kijana, amelala kwenye tope. Akajaribu kumvuta, hakuweza. Akafunga kamba ili mahali pasipotee, akapanda juu. Kisha akajitolea kurudi amchukue, ili wazazi wapate kumzika mtoto wao.

Ngojeni kidogo hapa, tuuelewe uzito wa jambo lenyewe.

Katika kina kile, shinikizo ni kama mara 28 ya hili la hapa juu. Gesi anayoivuta mzamiaji hupenya ndani ya damu na mwili. Akipanda haraka, gesi ile hutoka mapovu kama soda iliyotikiswa ikafunguliwa ghafla, na mapovu yale humlemaza mtu au kumuua. Kwa hiyo kushuka huchukua dakika 10 hivi, lakini kupanda huchukua saa kama 12, hatua kwa hatua, ndani ya maji ya baridi. Na kwa kuwa ni pango, juu ya kichwa chake kuna mwamba. Mlango wa kutokea ni mmoja, na kinachomwongoza kuufikia ni kamba.

Tarehe 8 Januari 2005 Shaw alishuka na mfuko wa kumtilia maiti. Mpango ulikuwa akae chini dakika 5 tu. Walitarajia kukuta mifupa ndani ya nguo za kuzamia. Kumbe mwili ulikuwa bado haujaisha, na safari hii ukaachia tope ukaanza kuelea. Ikabidi autumie mikono yote miwili, taa akaiweka pembeni, na kamba zikamnasa. Akawa anafanya kazi ya nguvu mahali ambapo kila nguvu unayotumia inailipa pumzi yako. Alikuwa na kamera kichwani, na baadaye wenzake walipoitazama picha walisikia pumzi zake zikienda mbio. Hewa ya ukaa ikamjaa mwilini, akazimia, akafa palepale.

Rafiki yake Don Shirley alikuwa akimfuata kwa juu. Alifika karibu mita 250, kifaa chake kikaharibika kwa shinikizo, akalazimika kugeuka. Njiani mapovu yakamwingia kwenye sikio la ndani, dunia ikamzunguka, akatapika akiwa majini kwa saa nyingi. Alinusurika, lakini mwendo wake haukurudi kuwa kama zamani.

Siku 4 baadaye wazamiaji wa polisi walikuwa wakitoa vifaa vilivyobaki. Wakawakuta wote wawili, Shaw na yule kijana, wameelea hadi karibu na dari ya pango, bado kamba imewaunganisha. Wazazi wa kijana wakampata mtoto wao. Na mke wa Shaw na watoto wake wakapata msiba wao.

Subhanallah. Maiti mmoja alikuwa chini ya maji, wakatoka wawili.

Siandiki haya kumhukumu mtu yule. Alichokitaka ni kuwafariji wazazi, na hilo moyo wowote ulio hai unalielewa. Ninaandika kwa sababu sisi tuna dini iliyotufundisha kupima, na kipimo hicho tunakisahau siku ya machozi.

Jambo la kwanza: maiti ana heshima yake. Katika Suratul Maida, Allah anatusimulia mwana wa Adam aliyemuua ndugu yake, kisha akaletewa kunguru anayefukua ardhi, ili ajue namna ya kumsitiri. Na Mtume ﷺ amefundisha kuwa kuuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja akiwa hai. Kumuosha, kumkafini, kumsalia na kumzika ni faradhi ya kutosheleza juu yetu. Asije mtu akasema "amekufa, mwacheni" ilhali njia ya kumtoa ipo.

Jambo la pili: faradhi hiyo inakwenda na uwezo. Allah haikalifishi nafsi zaidi ya iwezavyo. Hili liko mwisho wa Suratul Baqara na wengi wetu tumelihifadhi. Na katika Suratun Nisaa ametukataza kujiua nafsi zetu. Swahaba Amr bin Al-As (r.a.) aliitegemea aya hiyo usiku wa baridi kali akiwa safarini na janaba: akahofia kuwa akioga atakufa, akatayamamu na kuwasalisha wenzake. Habari ilipomfikia Mtume ﷺ, alicheka na hakumlaumu. Tafakari, ndugu yangu. Ikiwa maji ya kuoga kwa ajili ya swala yanaachwa kwa kuhofia roho, vipi kuhusu kuingia kwenye maji ambayo wajuzi wenyewe wanasema hayana usalama?

Jambo la tatu: aliye hai hutangulia. Mwaka 2018 kule Thailand, watoto 12 na kocha wao wa mpira walinaswa katika pango la Tham Luang kwa mafuriko. Saman Kunan, aliyewahi kuwa mzamiaji wa jeshi la majini, alikwenda kupeleka mitungi ya hewa ndani ya pango. Alfajiri ya tarehe 6 Julai akaishiwa pumzi akiwa njiani kurudi, akafa. Siku chache baadaye watoto wote na kocha wao walitoka hai. Mwenzake mwingine, Beirut Pakbara, alipata maambukizi ya damu katika kazi ile na akafariki Desemba 2019. Hatari ilikuwepo kama ya Boesmansgat, lakini mizani ni tofauti: upande wa pili kulikuwa na roho 13 zinazopumua. Maiti hakimbizwi na saa. Aliye hai anakimbizwa.

Mtu ataniambia: "Sheikh, mbona wengine walifanikiwa?" Kweli. Norway mwaka 2014 wazamiaji wawili wa Finland walifia katika pango la Plura. Jitihada rasmi za kuwatoa zikasimamishwa kwa hatari yake, kisha marafiki zao wakarudi wenyewe na wakawatoa. Alhamdulillah waliosalimika wamesalimika. Lakini usalama wa aliyevuka barabara amefumba macho hauwi dalili kwamba kufumba macho ni sawa. Wanazuoni wametuwekea kanuni: madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake.

Sasa turudi kwetu. Mtasema mapango ya mita 270 sisi tunayahusu nini?

Wangapi mmesikia habari ya kisima au shimo la choo? Mmoja ameingia, kaanguka. Ndugu yake kamfuata, naye kaanguka. Jirani kamfuata wa pili. Mwisho jeneza 3 zinatoka mtaa mmoja. Kule chini hakuna hewa ya kutosha, au kuna hewa ya sumu, na mtu huzimia kabla hajapata muda wa kupiga kelele. Tofauti na Boesmansgat ni kwamba Shaw alijiandaa kwa miezi. Sisi tunaingia na kanzu na nia njema.

Kwa hiyo, mtu akianguka humo, usimfuate. Zuia watu, waite zimamoto, mteremshie kamba kama bado anajibu. Aliyezama baharini au ziwani, waachie wazamiaji wenye vifaa, na wakisema "leo haiwezekani," usiwatukane. Tarehe 29 Septemba 2019 pale Likoni, Mombasa, gari liliteleza kutoka kwenye feri likiwa na mama na binti yake. Ilichukua karibu wiki 2 kuwatoa. Ilikuwa subira nzito, lakini hakuna mzamiaji aliyezikwa kwa ajili yake.

Na wewe ambaye maiti wako hakupatikana kabisa, neno hili ni lako. Nimekaa na familia kama yako, na nimemsikia mama akiniuliza, "Mwanangu amelala wapi?" Nilimwambia, na ninakwambia: Mtume ﷺ amemhesabu aliyekufa kwa kuzama miongoni mwa mashahidi. Kuhusu kumsalia asiyekuwepo wanazuoni wana kauli zao, muulize sheikh wa msikiti wako akuongoze. Lakini dua na sadaka havihitaji kaburi. Mola aliyemjua Yunus (a.s.) ndani ya tumbo la samaki hashindwi kumjua mwanao alipo.

Ee Allah, warehemu waliofia majini, wape subira waliobaki, na walinde wanaohatarisha roho zao kwa ajili ya wengine. Aamin.

Mfikishie mwenzako, hasa mwenye kisima nyumbani.

Wallaahu a'lam. Wabillaahi tawfiiq.